Kuku wa Kipimo

Vuga,
5 Februari 2023

Klara,

Salamu utazikuta mwishoni, kama utazistahili. Kwanza nijibu: nani alikufundisha kukimbia mfupa?

Mbaraka konda ameleta habari zako. Anasema alikukuta stendi ya Moshi na begi lako, unaomba nafasi urudi Soni, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu. Eti chuoni mmegawiwa masanduku ya mifupa ya watu mkaisome, wewe umefungua lako, umelifunga, umetoka mbio. Namshukuru Mungu basi lilikuwa limejaa. Lingekuwa na nafasi ungenikuta mlangoni na mwiko.

Sikiliza. Mimi nimesoma darasa la tatu na ngumbaru. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama njia ya kwenda mtoni. Lakini kwa vidole hivi nimeunga miguu, mikono na mitulinga ya mabega ya watu kutoka hapa Vuga mpaka Bumbuli, na hakuna hata mmoja anayechechemea kwa kosa langu. Wewe umekulia katika nyumba hii. Nimekulea tangu mama yako alipotuacha una miaka minne. Umelala na kuamka watu wanaugulia mifupa sebuleni. Leo mfupa mkavu, usiougua, usiopiga kelele, ndio unakutoa mbio?

Juzi wameniletea Anord. Alipanda mgrivilea kukata matawi, tawi likaondoka naye. Muundi wa mguu umevunjika katikati. Nimeunyoosha, nimefunga mabanzi na kamba za mgomba, kisha nimekamata kuku, nimemvunja mguu palepale alipovunjika Anord, nimemfunga vilevile. Yuko jikoni chini ya tenga. Kuku akianza kutembea ndipo Anord ataanza kukanyaga na fimbo. Hiyo ndiyo saa yangu. Bibi yangu alinipa mimi, na mimi nilikuwa nataka kukupa wewe, ukasema unataka ya vitabuni. Sawa, kasome ya vitabuni. Lakini usome.

Kesho asubuhi uende kwa mwalimu wako, uombe lile sanduku, ulifungue, na uniandikie ulichokikuta mle. Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaiandika. Marahaba. Sisi wazima. Hadija jirani anakusalimu.

Ni mimi bibi yako,
Efrazia


Moshi,
19 Februari 2023

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyumbani, na kifua chako kimepona baridi ya ukungu. Mimi mzima. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kama vile ungeniona nimekaa.

Nilirudi. Mwalimu alinisukumia tu sanduku.

Bibi, nikuambie ukweli kilichonitoa. Sikuogopa fuvu. Ulikuwa mkono. Vile vifupa vya mkono vimetungwa kwa waya, vidogo, vyembamba, na nilipouinua vikagusana vikalia kidogo. Nikafikiri, huyu alikuwa mama wa mtu. Aliwahi kumfunga mtu kilemba, kumpima homa kwenye paji la uso. Nikamkumbuka mama. Ndipo nikatoka.

Safari hii niliushika mpaka ukapata joto langu. Nikahesabu. Mkono mmoja, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa ishirini na saba. Ishirini na saba, Bibi, kwa kazi ya kusuka ukili na kukamua ng'ombe. Mwili mzima wa mtu mzima una mifupa mia mbili na sita, na zaidi ya nusu yake iko kwenye mikono na nyayo. Ndani ya sikio kuna mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, na bila huo ningekuwa siisikii sauti yako ikigomba.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni hili: mtoto anazaliwa na vipande karibu mia tatu, vingine bado laini. Kadiri anavyokua vinaungana. Ule utosi unaopigapiga kichwani kwa mtoto mchanga ni mlango ambao mifupa haijaufunga bado. Na mtulinga ndio wa mwisho kukomaa, mtu anaweza kuwa ameshaoa.

Katika sanduku langu kuna fupa la paja lenye fundo katikati. Liliwahi kuvunjika likaunga. Nimepitisha kidole pale mara nyingi. Mtu huyu aliangushwa na kitu, na mtu mwingine akakaa naye akamlisha miezi mitatu mpaka akainuka. Simjui hata mmoja, lakini kidole changu kimegusa kazi yao.

Nilimweleza mwalimu habari ya kuku wa kipimo. Alicheka akauliza kama na kuku anapigwa picha. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka kidogo, Bibi. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Klara


Vuga,
5 Machi 2023

Klara,

Salamu za Bwana. Sisi wazima, mvua imeanza, viazi vimetoka.

Huyo mwalimu wako anayecheka, mwulize ameunga mifupa mingapi kabla kompyuta haijawashwa. Na wewe uliyecheka kidogo, nitakucheka sana siku ukija. Nimekusamehe kwa sababu ya zile habari za mtoto mchanga.

Nimemsomea Hadija barua yako yote. Tulipofika pale pa mia tatu akaniambia, "Efrazia, rudia." Nikarudia. Akamwangalia kitukuu chake mgongoni, akamshika utosi polepole kama anashika yai. Wanawake wazee sisi, tumezaa kumi na sita kati yetu, tumewakanda watoto kwa mafuta kila jioni, na hatukujua tunakanda vipande mia tatu vinavyotafutana. Nimelala nawaza hilo. Nani anaviambia kwamba wewe utaungana na huyu na wewe utabaki peke yako?

Na mimi nikuambie usiyoyakuta kwenye sanduku. Mfupa uliovunjika unasema. Ukiweka kidole juu yake, unasaga kama unakanyaga changarawe ndani ya gunia. Hapo unajua umefika. Ukiunyoosha ukakaa sawa, ile sauti inakatika, na mgonjwa anashusha pumzi, hata kama alikuwa anakutukana. Siku ya kumi unagusa tena, unakuta uvimbe mgumu kama nundu ya mti uliojeruhiwa na shoka. Mimi siweki mfupa juu ya mfupa, nausogeza tu, wenyewe ndio unaofanya kazi. Miaka hamsini naona na bado kila mara nywele zinanisimama. Nguo ikichanika haijishoni. Chungu kikipasuka ndio basi. Mfupa unajishona.

Kuku wa Anord ametembea siku ya ishirini na moja. Anord anakanyaga na fimbo na anataka kurudi kwenye mti uleule. Nimemwambia akianguka tena nitamvunja mguu yeye badala ya kuku.

Mama yako usimtafute kwenye sanduku la serikali. Nilimlaza mwenyewe pale juu ya migomba, mzima, na vyote alivyozaliwa navyo, na nafasi yangu iko pembeni yake. Ukija utapalilia. Sasa andika, na usiandike kidogo.

Bibi yako,
Efrazia


Moshi,
20 Machi 2023

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Hali yako? Hali ya Bibi Hadija na kitukuu? Mimi mzima, nimekonda kidogo kwa mitihani.

Ulichokisema cha mfupa kujishona, kimo kwenye kitabu changu, kurasa kumi nzima, na hakikuandikwa vizuri kama ulivyoandika wewe. Nilimsomea mwalimu ule mstari wa changarawe ndani ya gunia. Safari hii hakucheka. Aliomba nimnakilie.

Bibi, mfupa uko hai. Mimi nilidhani ni kama boriti, umewekwa tu kubeba nyama. Kumbe ndani yake kuna wafanyakazi wadogo wasioonekana kwa macho, wa aina mbili. Hawa wanabomoa kidogokidogo mfupa uliochoka, wale wanakuja nyuma yao wanajenga mpya. Mchana na usiku, hata ukilala, hata ukiwa kanisani. Baada ya miaka kama kumi, mifupa yako karibu yote imeshabadilishwa na hukusikia kitu. Na katikati, kwenye uboho, ndimo damu inamotengenezwa. Tunasema damu na mfupa kana kwamba ni vitu viwili, na kimoja ni jiko la kingine.

Jana mwalimu alitukatia kichwa cha fupa la paja kwa msumeno, tuone ndani. Nilitegemea jiwe. Nikakuta nyuzinyuzi za mfupa, nyembamba, zimepangwa kama pau za paa la nyumba, zinatoka juu mahali mwili unapokalia, zinapinda, zinashuka kwenye paja. Hazikupangwa ovyo. Zimefuata njia ya mzigo. Mahali unapokanyagia sana zinanenepa, mahali usipotumia zinakonda. Nikakuwaza wewe. Kila mzigo wa matete uliompelekea ng'ombe kupitia ule mteremko, umeandikwa mle ndani.

Nijibu upesi. Nataka kuja Pasaka lakini tuna zamu wodini.

Mjukuu wako,
Klara


Moshi,
16 Aprili 2023

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Pasaka imepita na sijapata hata mstari mmoja.

Mbaraka anasema barua yangu aliiacha Soni kwa Yusufu wa bodaboda, na Yusufu akaipandisha hadi kwako mkononi. Nimempigia Yusufu. Nikamwuliza, "Bibi yuko?" Akasema, "Yupo." Nikamwuliza, "Mzima?" Akasema, "Amesema nikuambie mzima." Bibi, mtu mzima hatumi mtu aseme ni mzima.

Kanisani nako wanasema hujaonekana. Wewe ambaye ulikwenda ibada na malaria.

Kama nimekukosea, nigombe. Nimeizoea. Ukimya wako ndio siujui.

Mjukuu wako,
Klara


Vuga,
7 Mei 2023

Klara,

Sijafa. Acha kumpigia Yusufu simu, ana mke mwenye wivu.

Tarehe ishirini na nne ya Machi nilikuwa nakata matete kwenye tuta la juu. Kulikuwa na utelezi. Sikuanguka hata mbali, nimekaa chini tu, kwa ubavu, kama mtu anayekaa vibaya kwenye kigoda. Nikataka kuinuka, mguu wa kushoto ukakataa. Hadija na Yusufu wakanibeba. Nikawaambia nyonga imeteguka, na atakayemwambia mtu ama mchungaji, asiniite tena nyumbani kwake anapoumia.

Unajua kwa nini. Watu wakisikia Efrazia mwenyewe ameanguka, ameshindwa kujiinua, nani ataniletea mkono wa mtoto wake?

Nimejifunga mwenyewe, mabanzi marefu mpaka kiunoni, Hadija ameshika. Nikamwambia aniletee kuku. Nimemvunja, nimemfunga, nimemweka pembeni ya kitanda. Tukalala wagonjwa wawili chumba kimoja, tunaangaliana.

Kuku ametembea siku ya ishirini na mbili. Sasa anarukia dirishani. Leo ni siku ya arobaini na tano. Mimi bado.

Nikikanyaga, mguu hauko pale. Unyayo umegeuka unatazama nje, na Hadija amepima kwa kamba, umekuwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Nimejigusa kila mahali. Ni ndani mno. Vidole vyangu haviufikii. Miaka yote hii mifupa inasema na mimi, na wa kwangu umenyamaza.

Kuku hajawahi kunidanganya. Tafuta kwenye kitabu chako huu mfupa una nini. Usimwambie mtu. Na usiniandikie maneno ya kunibembeleza, niandikie kilichopo.

Bibi yako,
Efrazia


Moshi,
10 Mei 2023

Bibi,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi, nazo utazikuta mwishoni, ukizistahili.

Siku arobaini na tano. Mimi ulinipa siku moja ya kurudi kwenye sanduku.

Umesema nikuandikie kilichopo. Kilichopo ni hiki. Kwa hiyo dalili ya unyayo kugeuka nje na mguu kufupika, nyonga haikuteguka. Umevunjika shingo ya fupa la paja. Shika paja lako kwa mawazo, panda nalo juu. Fupa haliishii kama fimbo. Juu kabisa linapinda kwenda ndani, linakuwa na shingo fupi, na juu ya shingo kuna kichwa cha mviringo kama limao kubwa, kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Hapo kwenye shingo ndipo ulipokatika. Ndiyo maana vidole vyako haviufikii. Hata vya daktari haviufikii.

Sasa kuku. Kuku hakukudanganya, alisema kweli juu ya mguu wake. Ulimvunja muundi. Muundi umezungukwa na ngozi yake ya mfupa, ile laini inayozaa nundu, na nyama yenye damu. Shingo ya paja imefungiwa ndani ya kifuko cha kiungo, imelowa ute, na haina ile ngozi inayozaa nundu. Damu ya kile kichwa inapanda kwa vijinjia vyembamba vilivyolala juu ya shingo yenyewe. Shingo ikikatika, navyo vinakatika. Kichwa kinabaki juu kama shamba lililokatiwa mfereji. Wale wafanyakazi niliokuandikia wapo, wanataka kujenga, chakula hakifiki.

Kwa hiyo hata ungelala siku mia, hautaunga. Si kwa sababu mikono yako imepungukiwa. Hakuna mkono wa mtu yeyote unaoweza kuufunga huo kwa nje. Na kulala sana kutakumaliza kabla ya nyonga. Damu itaganda kwenye mguu, kifua kitajaa, mgongo utachubuka. Nimeona wodini. Sitaki kukuona wewe.

Kuna dawa. Bumbuli watakupiga picha. Halafu utaletwa huku Moshi, watakitoa kile kichwa kilichokufa na kuweka cha chuma. Bibi kizee wa hapa, mkubwa kwako, siku ya pili alisimama.

Sikubembelezi. Uliniambia kesho asubuhi uende. Nami nakuambia, kesho asubuhi Yusufu atafute gari, ukalale nyuma kwenye godoro, uende Bumbuli. Kama umekataa, niandikie hivyo kwa mkono wako ili niwe na ushahidi wa ubishi.

Nakupenda. Hizo ndizo salamu.

Mjukuu wako,
Klara


Bumbuli, wodi ya wanawake,
17 Mei 2023

Klara,

Salamu. Nakuandikia nimelala, ndiyo maana mistari imelewa.

Umejifunza kugomba wapi? Hadija alinisomea barua yako maana miwani iliangukiwa na kuku. Alipofika pale pa ushahidi wa ubishi akacheka mpaka akatoka nje. Yusufu akaleta gari la kabichi. Nimeshuka Vuga nimelala chali juu ya godoro, naona matawi tu na mawingu, na watu kando ya njia wanauliza nani huyo. Nikamwambia Yusufu awajibu, "Ni Efrazia, amevunjika." Nilikuwa nimeogopa neno hilo siku hamsini, na lilipotoka halikuua mtu. Anord alikuwa shambani, akatupa jembe, akaja bila fimbo mpaka kwenye gari, akapanda tukaja naye. Ndiye aliyenibeba ndani.

Sasa nikuambie nilichokiona.

Walinilaza kwenye meza baridi, mashine ikalia kidogo, basi. Daktari, kijana mwenye adabu, akaniwekea ile karatasi nyeusi dirishani, jua likapita ndani yake. Klara, nilijiona. Nimezaa, nimezika, nimezeeka, na nilikuwa sijawahi kujiona. Nyonga imekaa kama bakuli lililoshikwa kwa mikono miwili. Na ndani ya bakuli kichwa cha mfupa, mviringo kama mwezi wa kumi na nne, na chini yake ufa. Ufa tu, na paja limeponyoka hapo likapanda kidogo. Kumbe kitu kilichonilaza siku zote hizo ni upana wa vidole viwili. Nikaikazia macho. Nesi akadhani nalia, nikamwambia aondoke kwenye mwanga.

Kisha daktari akashusha kidole chini, katikati ya paja. Akauliza, "Bibi, huku uliwahi kuvunjika?" Nikaangalia. Mfupa umenenepa kidogo mahali hapo, kama mkono ulioshika kitu. Nikasema ndiyo, nikiwa na miaka tisa, nilianguka na mtungi. Akauliza, "Ulitibiwa hospitali gani?" Nikamwambia bibi yangu, na kuku. Akaangalia tena, akaita mwenzake, wakaangalia wote. Akasema, "Umenyooka kabisa."

Bibi yangu amekufa kabla ya uhuru. Hakuacha picha, hakuacha kaburi lenye jina. Na pale dirishani nimeona alama ya mikono yake ndani yangu, ikiwa nyeupe, ikiwa imenyooka. Ulipoandika habari ya yule wa sandukuni nilidhani unapiga porojo za wasomi. Nimekuelewa.

Lakini Moshi siji. Nisikilize kabla hujagomba. Nimekuja kuona na nimeona. Wanataka kunitoa mfupa, na najua hospitali wanavyofanya, kitu kikitoka kinachomwa na pamba na uchafu. Mama yako nilimlaza na vyote alivyozaliwa navyo. Siwezi kulala pembeni yake nikiwa nusu, nina chuma mahali pa mfupa, na mfupa wangu ni moshi. Heri nibaki nao umevunjika.

Bibi yako,
Efrazia


Moshi,
19 Mei 2023

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Mbaraka anasubiri na injini inanguruma, naandika nimeinamia boneti.

Unasema vyote ulivyozaliwa navyo. Ulizaliwa na vipande karibu mia tatu, umebaki na mia mbili na sita. Ulizaliwa bila pia za magoti, zilikuwa gegedu laini tu, zikawa mfupa ukiwa umeshaanza kutoroka jikoni. Na ule mfupa aliokuunga bibi yako ukiwa na miaka tisa umeshabomolewa na kujengwa upya mara tano au zaidi. Hakuna hata punje iliyokuwa pale siku ile. Lakini alama ya mikono yake ipo, umeiona mwenyewe dirishani. Wafanyakazi wa leo wameirithi kwa wa jana, bila kuulizana.

Kwa hiyo ulichozaliwa nacho, Bibi, hukuwahi kukaa nacho. Kilikuwa kinapita siku zote.

Na mama hajalala na vyote. Nilichukua vidole vyake. Angalia mkono wangu.

Kuhusu kuchomwa, nimekwenda kwa daktari wa upasuaji na nikamwuliza waziwazi. Amesema mfupa ni wako, ukiuomba kwa maandishi utapewa. Basi chagua wewe.

Mjukuu wako,
Klara


Bumbuli,
24 Mei 2023

Klara,

Salamu. Nimelala salama, uji wa hapa ni maji.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na miwani mpya. Ile habari ya mkono wako nimeiweka chini ya mto. Vidole vya mama yako nilivijua tangu siku nilipomzaa, na vyako ndivyo hivyo, hata kile kidogo kilichopinda. Nilikuwa naviona kila siku na nilikuwa sijaviona.

Nimemwambia daktari anifungie safari. Gari litatoka hapa Ijumaa alfajiri, Hadija atakuja nami. Kuku amebaki kwa Anord. Asichinjwe. Huyo amesema kweli mbele yangu, atakufa kwa uzee. Na mwalimu wako, ukimwona, umwambie kuku wa kipimo ndiye aliyegundua ugonjwa wangu kabla ya picha yake.

Ombi la mfupa nimeliandika kwa mkono wangu, liko ndani ya bahasha hii, na jina langu lote na jina la baba yangu. Umpelekee yule daktari wa kupasua.

Sasa fanya ninavyokuambia. Siku hiyo usimame mlangoni, usiende kula. Kile kichwa kikitoka, ukipokee wewe, kwa mkono wako, si kwa koleo wala si kwa mfuko. Kioshe kwa maji ya moto. Kisha umwombe mwalimu wako ule msumeno, ukipasue katikati, kwa uangalifu, usivunje zile pau zake. Nimebeba matete miaka sitini na tano kwenye ule mteremko, na maji, na watoto, na mama yako siku ya mwisho, na sijawahi kuona ilikokwenda hiyo mizigo yote. Nataka kuiona.

Nusu moja ubaki nayo, uwe unawaonyesha wanafunzi siku utakapokuwa mwalimu, na uwatajie jina langu. Nusu ya pili utaipeleka Vuga, uichimbie pembeni ya mama yako, mahali pangu, initangulie kunishikia nafasi.

Lakini kabla ya hayo yote, nikifumbua macho, usinipe maji na usinipe uji. Niwekee mfupa wangu mkononi kwanza.

Bibi yako,
Efrazia